Nani Alifunga Robine

Jina la Patron sitalitaja, na msidhani ni kwa heshima. Mtu aliyenipokonya langu hana haki ya kutajiwa la kwake. Tumwite Patron, kama tulivyomwita wote pale garaji, kuanzia mafundi mpaka mama aliyetuletea chai na mandazi langoni. Alikuwa na garaji mtaa wa Asiatique, nyuma ya maduka ya vitambaa, na ndiye aliyenifundisha kazi ya magari. Ni yeye pia aliyenichafulia jina hilohilo la ufundi alilonipa. Tangu siku hiyo nilitaka kwake kitu kimoja tu: asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake kwamba aliyeacha mafuta ya gari ya Haji yamwagike ni yeye, si mimi. Pole yake sikuitaka. Kazi yake sikuitaka tena. Nilitaka aseme.

Basi nikimweleza mtaona kwamba namchukia. Namchukia. Lakini nitamweleza kama alivyokuwa, maana chuki ya kusingizia haina utamu.

Nianze na shati. Patron alivaa shati jeupe garajini, kila siku ya Mungu, limepigwa pasi, lina mifuko miwili kifuani. Sisi tulikuwa weusi kwa mafuta mpaka ndani ya masikio, yeye anapita katikati yetu kama mtu anayekwenda kubatiza mtoto. Na si kwamba alikuwa bosi wa kukaa kwenye kiti. Alitandika katoni, akalala chali, akaingia chini ya gari kama sisi, akatoka shati halina alama. Wateja walisema mafuta yanamwogopa. Mi niliyekuwa karibu niliona siri yake: hakugusa kitu mpaka amekiangalia kwanza, tena sana. Vitu vidogo vyote vilivyotoka kwenye gari, nati, visi, fyuzi, viliingia mfuko wa kushoto wa lile shati, na vikitakiwa vilitoka mfuko huohuo. Hakuwahi kupoteza hata kimoja, na alipenda tujue.

Kusema alisema polepole. Kifaransa kwa watu wa ofisi za Rohero, Kirundi kwa wazee wenzake, Kiswahili kwa sisi. Ukimsikia ameanza Kirundi na wewe ujue umekosa, maana matusi hakutukana, alikuwa anakupa methali tu na kukuacha uihangaikie siku nzima. Za kwake mwenyewe alizitunga kwa Kiswahili. "Gari haisemi uongo," alikuwa anasema, "muongo ni mwenye gari." Aliweka bisibisi ndefu juu ya injini, ncha ya pili akaikandamiza kwenye mfupa wa taya, akafumba macho akiisikiliza. Siku moja alifanya hivyo kwa gari ya shoferi mmoja wa taksi aliyeapa kwamba haendi mbali, anazunguka mjini tu. Patron akafumbua macho, akamwambia, "Hii gari imepanda mlima na mizigo. Juzi tu." Yule shoferi akacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akakubali kwamba shemeji yake aliiazima kwenda Bugarama kubeba viazi.

Tulimpenda kwa mambo kama hayo. Na mi nilimpenda kuliko wote, tusifichane.

Nilipokuja kuomba kazi nilikuwa nimeshapita garaji nyingi. Wengine walicheka, wengine waliniuliza kama najua kupika maharage ya mafundi. Patron hakucheka. Aliniangalia mikono, akauliza, "Mikono yako inaogopa nini?"

"Haiogopi kitu," nikasema, nikidhani ndilo jibu la kiume analolitaka.

"Basi haifai. Rudi ukijua inaogopa nini."

Nilirudi kesho yake nikamwambia inaogopa maji ya moto ya radiateri. Akanitupia ovaroli. Tangu siku hiyo aliniita mwanangu, na jina langu nadhani alilisahau palepale, au hakuona haja nalo. Uchungu wa kuzaa uliponishika kazini, nimeegemea ukuta wa fosi, lile shimo letu la kufanyia kazi chini ya magari, ni yeye aliyenibeba. Alinipakia kwenye gari ya mteja, ya mtu wa watu, bila hata kumuuliza, akapiga honi mpaka hospitali, akasimama nje na shati lake jeupe mpaka mtoto akalia. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu mbaya tupu, unamchukia unalala usingizi. Huyu nikimchukia inabidi niruke siku ile, na siku ile hairukiki.

Pole, hata hivyo, hakuijua. Neno hilo halikupita kinywani mwake hata kwa bahati mbaya. Akikukosea, kesho yake asubuhi unakuta kwenye benchi lako ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, wamekaangwa vizuri, wamefungwa kwenye gazeti. Husemi asante, yeye hasemi kitu, unakula, mambo yamekwisha. Alikuwa amewakosea watu wengi na wote walikuwa wamekula. Mafundi wakiona gazeti kwenye benchi ya mtu walitania, "Leo we umeonewa, tupe na sisi." Nami nilikuwa nimeshakula zaidi ya mara moja, tena nikalamba vidole.

Kilichomfanya ajulikane mji mzima, lakini, kilikuwa ni buloni.

Chini ya kila injini kuna bakuli la mafuta, sisi tunaliita karteri, na chini yake kuna buloni moja inayoyazuia yasitoke. Kufanya vidanji ni kufungua buloni hiyo, kuacha mafuta ya zamani yamwagike kwenye beseni, kuirudisha, kisha kumimina mapya kwa juu. Kazi nyepesi, na wepesi wake ndio unaoua magari. Fundi anaitwa huku, simu inalia kule, anarudi anasahau kwamba buloni aliiweka kwa vidole tu, hajaikaza kwa kle, yaani spana. Ikiwa ya vidole inashika mafuta vizuri kabisa, mpaka gari irukeruke kwenye dodani, yale matuta ya barabarani. Hapo inadondoka, mafuta yanakwisha, injini inajishika yenyewe na kufa.

Patron aliweka sheria. Buloni ikitoka haiwekwi chini, wala haiingii mfukoni mwa fundi, hata mfuko wake mwenyewe wa kushoto. Inawekwa mkononi mwa mwenye gari. Anasimama nayo hapo, ya moto, inadondosha weusi, mpaka fundi aliye chini aite, "Buloni." Anampa. Fundi anakaza kwa kle, halafu anasema kwa sauti ya kusikika, "Imefungwa." Mwenye gari anapiga kofi moja juu ya boneti, maana yake nimesikia. Ndipo bidoni, yaani dumu la mafuta mapya, inafunguliwa. "Mkono ulioshika hausahau," Patron alisema.

Padri alishika. Bibi harusi alishika, gari ya harusi ilikuwa imechoka njiani, na glavu yake nyeupe ikawa nyeusi, akacheka mpaka wifi zake wakakasirika. Kuna mkubwa mmoja alikataa, akasema yeye hakuja kuajiriwa. Patron akarudisha buloni, akamimina mafuta yaleyale ya zamani, akatuambia tusukume gari ya mkubwa mpaka nje ya lango. Tuliisukuma. Na Haji alishika mara nyingi, mkono ameunyoosha mbali na kanzu, akisema, "Patron, utanifikisha kwa Mola nikiwa na mafuta kwenye kucha." Haji alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa familia za Waarabu waliokaa Asiatique tangu zamani, duka lake ukuta mmoja na garaji yetu. Neno la Haji lilitembea Asiatique nzima. Akikusifu, umepata kazi ya mwaka.

Na lile neno "imefungwa" kwetu lilikuwa kiapo. Kulikuwa na fundi aliyezoea kulisema kabla hajazungusha kle, ili amalize haraka. Patron alimkamata, akamwambia avue ovaroli. Yule mtu alipiga magoti. Patron akasema, "Mi naweza kusamehe mutu anaiba. Mutu anasema imefungwa na haijafungwa, huyo ni muuaji." Tulikuwa tumesimama hapo wote. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, na nikayaamini, mjinga mimi.

Sasa huyohuyo mwenye buloni yake alikuwa na ugonjwa wa vitu vipya. Kila kilichotoka nje kilimtoa mate. Alikuwa wa kwanza kuwa na kriki ya kupandisha gari kwa hewa, wa kwanza kuwa na kimashine cha kuongea na kompyuta ya gari, ambacho hakikuongea naye hata siku moja. Mteja mmoja aliyekuwa Ulaya akamletea robine. Ni bomba dogo la shaba lenye mkono, unalifunga mahali pa buloni mara moja na basi. Siku ya vidanji hutafuti kle. Unasukuma mkono kwa kidole, unazungusha, mafuta yanatoka. Unarudisha, resori yake, ile springi ya ndani, inauvuta mkono mpaka uingie kwenye kijinafasi chake, umefunga. Na ili usijifungue wenyewe njiani, kuna klipsi, kipande kidogo cha chuma unakipachika juu yake.

Patron alizunguka nayo mkononi siku nzima. "Kidole kimoja," alimwambia kila aliyeingia. "Voilà. Kidole kimoja."

Nikamuuliza, "Patron, sasa mwenye gari atashika nini?"

"Atashika simu yake," akasema, na wote wakacheka, na mi nikacheka.

Aliagiza nyingine. Akaweka moja kwenye Corolla yake mwenyewe, ya pili kwenye Prado ya Haji. Sheria ya buloni ikafa hivyohivyo, hakuna aliyeitangaza. Mikono ya wateja ikabaki safi, wakafurahi, wakaenda kukaa kivulini. Hata kile kiklipsi hakuna aliyefikiri kumpa mtu akishike. Sisi tulikuwa tumejifunza kukumbuka kwa mkono wa mtu mwingine, na mkono huo ulipoondoka hatukuwa na kumbukumbu ya kwetu.

Siku ya gari ya Haji ilikuwa mchana, saa ya sala. Haji alileta Prado, akatuachia ufunguo, akaenda msikitini. Mafundi wengine walikuwa wanakula kwa mama wa chai. Chini ya gari nilikuwa mimi na pembeni yangu Patron, wawili tu. Nilifungua robine, mafuta yakatoka yote. Patron akaniambia nijisogeze, anataka kuona kama resori yake bado ina nguvu. Akalala kwenye katoni, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, kama mtoto na swichi ya taa. Klipsi ilikuwa inamsumbua, akaitoa akaitia mfuko wa kushoto wa shati. Niliiona ikiingia. Akaniambia, "Nenda ulete mafuta."

Nilikwenda stoo nikarudi na bidoni. Yeye alikuwa ameshatoka chini, anakung'uta suruali. Nikamuuliza kama tulivyozoea kuulizana, "Patron?"

"Imefungwa," akasema.

Sasa niambieni, mngekuwa mimi mngeinama kuhakikisha? Amesema Patron, mwenye kiapo chake. Nikamimina, na hakuna kilichodondoka, maana robine isiyo na klipsi inashika kama buloni ya vidole, mpaka dodani. Haji akarudi kutoka kwenye sala, akawasha gari, akaenda. Kwenye mpando wa Kiriri injini ikafa. Ukitoka langoni kwetu uliona mstari wa mafuta kuanzia kwenye dodani ya kwanza, mweusi, unang'aa, mpaka kule gari ilikolala.

Haji alirudi kwa miguu, jasho limelowesha kanzu, na nusu ya Asiatique nyuma yake. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani alifunga robine?"

Nilimwangalia Patron. Nilikuwa nangoja aseme, maana kwangu hapakuwa na shaka kwamba atasema. Mkono wake ulipanda kwenye mfuko wa kushoto, ukagusa, ukashuka.

"Mi nilikuwa juu," akasema. "Mwenye kuwa chini ni huyu."

"Patron, we uliniambia imefungwa," nikasema.

"Mi sikusema kitu. Amesikia vibaya." Halafu akamgeukia Haji, akatoa maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Ni mwanamke, Haji. Akili yake iko nyumbani kwa mtoto. Kosa ni langu, nilimuhurumia."

Mnaona ujanja huo? Alisema kosa ni langu, na watu wakaona ni muungwana. Haji akatikisa kichwa, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko angenitukana. Mafundi wenzangu waliinamisha macho. Nilivua ovaroli mwenyewe kabla hajaniambia. Kesho yake mtu akaleta ndagala nyumbani kwangu, kwenye gazeti. Niliwamwaga wote uani, paka wa jirani wakala, nikasimama hapo kuhakikisha wanamaliza.

Jina linatembea kuliko mafuta. Nilipokwenda kuomba kazi garaji nyingine, mtu aliuliza, "Si we yule Mama Robine?" Kicheko kikaanzia hapo. Mama Robine, aliyeacha robine wazi. Shoferi wa taksi walinipigia honi wakifanya ishara ya kuzungusha kidole. Binti yangu, yule aliyezaliwa Patron akiwa mlangoni, alirudi kutoka shule ananiuliza kwa nini wanamwita mtoto wa Robine. Haji amekufa, Mungu amrehemu, akijua kwamba injini yake niliiua mimi. Hilo hakuna wa kulirekebisha tena.

Nilihamia Gasenyi, huku mwisho wa mji, vumbi na nyumba mpya. Nikaanza kazi chini ya bati, kwa kriki moja na kle za kuazima. Nilikataa robine za kila aina. Kwangu ni buloni, na buloni inashikwa na mwenye gari, na neno linasemwa kwa sauti. Ndiyo, sheria ni ya Patron. Sikuitupa kwa sababu ni nzuri, na kwa sababu nilitaka siku moja aione mikononi mwangu. Shoferi walianza kuja, wakazidi. Jina la Robine lilinifuata hadi huku, lakini limesahau lilikotoka. Wananiita Mama Robine kama wanavyomwita mwingine Mama Chapati, bila ubaya, na kila wakiita mi nasikia Asiatique nzima inacheka.

Kwa hiyo mtanielewa nilivyokuwa siku Corolla ile ilipoingia, inadondosha mafuta toka barabarani mpaka kwenye bati langu.

Nilimtambua kwa shati kabla ya sura. Bado jeupe, limepigwa pasi, lakini kola imekuwa ya manjano. Macho yameingiwa na ukungu, aliniangalia pembeni kidogo ya mahali nilipo. Garaji yake aliiuza zamani, hilo nilijua. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti, na harufu ilifika kabla yake. Ndagala. Aliwaweka kwenye benchi, katikati ya shoferi wawili waliokuwa wanangoja zamu, akapapasa benchi kana kwamba ameshalipa.

"Mwanangu," akasema. "Uko na garaji nzuri."

"Karibu, Patron. Gari iko na nini?"

"Ni robine. Resori yake imechoka, inadondosha. Nataka uitoe, urudishe buloni."

"Asiatique mafundi wamekwisha?"

Akainamisha kichwa upande wa shoferi, akashusha sauti, ila si sana, uzee umemchukulia na kipimo cha sauti. "Kule wananijua. Wakiona gari yangu mwenyewe inamwaga, watacheka. We utanyamaza. Siku zote umenyamaza."

Siku zote umenyamaza. Kumbe ndivyo alivyoniweka kichwani mwake miaka yote hii. Hakuja kwa aliyemwonea. Alikuja kwa anayenyamaza. Nikachukua beseni nikaingia chini.

Niliyatoa mafuta, nikaizungusha robine yote ikatoka, nikajivuta nje nikamwekea mkononi. "Shika," nikamwambia.

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, alifikiri namheshimu kwa desturi yake. Akasimama juani nayo, kiganja juu, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye mkunjo wa shati. Nikarudi chini, nikasema kutoka huko, kwa sauti ya kila mtu, "Patron. Gari ya Haji. Nani alifunga robine?"

Shoferi waliacha maongezi yao.

"Mwanangu," akasema, "hayo ni ya zamani. Siku ile tulikuwa wengi."

"Tulikuwa wawili."

"Basi Mungu ndiye anajua. Haji mwenyewe hayuko tena."

Sikuuliza mara ya pili. Nilikuwa na buloni mpya mfukoni, na rondeli yake ya shaba, ile washa ya kuzuia mafuta. Mfukoni mwangu, si mkononi mwake. Niliipachika, nikaikaza mpaka kle ikalia, nikaifuta kwa kitambaa, nikaona pakavu. Halafu nikatoka, nikafungua bidoni, nikaanza kumimina bila neno.

Yeye alikuwa amesogea kwenye boneti, kiganja cha mkono mwingine kimeinuliwa, kinangoja. Mafuta yakaisha kumiminwa, kiganja bado kiko juu.

"Hujasema," akaniambia.

"Sijasema nini?"

"Umefunga?"

"We umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi ni hivyo ulivyosikia," nikasema. "Gari iko tayari, Patron."

Alisimama. Aliinama kidogo kuangalia chini, lakini macho yale yataona nini. Angeweza kuniomba kle, ila mikono ile ya kizee ingekaza nini. Alijua kama mi, alinifundisha mwenyewe: buloni ya vidole inashika mafuta vizuri kabisa, mpaka dodani. Na kwenda kwingine kuulizia alikuwa ameshasema mwenyewe kwa nini hawezi. Akaingia kwenye gari na robine yake mkononi, akawasha, akaondoka taratibu kama anabeba mayai.

Kwetu hapa ukitoka, dodani iko karibu, unaiona ukiwa umekaa kwenye benchi. Akaivuka tairi za mbele, tairi za nyuma, akasimama. Akashuka. Akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akaingiza mkono chini ya gari, akautoa, akaunusa. Akapanda tena, akaenda hatua chache, akasimama tena, akashuka tena. Shoferi mmoja akacheka. Mi sikucheka. Nilikuwa nimefunga, nilijua nimefunga, na ningeweza kupiga kelele neno moja tu na mzee angeenda zake nyumbani kwa amani. Nilikaa kimya. Si alisema najua kunyamaza?

Akazima moto wa gari. Akaiacha gari na mlango wazi katikati ya barabara, akarudi kwa miguu. Aliingia chini ya bati, akasimama akiwaelekea shoferi, si mimi, labda kwa macho mabovu, labda kwa kutaka.

"Robine ya gari ya Haji," akasema, "ni mi niliiacha. Klipsi ilikuwa hapa, mfukoni kwangu. Huyu alikuwa ameenda kuleta mafuta. Mi nikamwambia imefungwa, na haikufungwa. Nikamtupia yeye." Na bila kuvuta pumzi akanigeukia. "Sasa niambie. Umefunga?"

Bila kuvuta pumzi. Nilikuwa nimengoja maneno yale tangu binti yangu hajui kusoma, na yalipokuja yalikuja kwa ajili ya Corolla. Haikuwa kwa ajili yangu, wala kwa Haji. Sawa. Sikuwa nimeomba moyo wake, niliomba mdomo.

Nilichukua kitambaa nikafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine, tena na katikati ya vidole. Aliniangalia nikifuta. Nilipomaliza nikasema, kwa sauti aliyonifundisha, "Imefungwa."

Hapakuwa na boneti ya kupiga, gari ilikuwa mbali. Kiganja chake kilipanda hewani kikakosa pa kutua. Akaninyooshea robine, nikaficha mikono nyuma.

"Hiyo ni yako, Patron. Na ndagala wako chukua."

Ndagala hakuwachukua. Robine aliitia mfuko wa kushoto, kwa mazoea, na nikaona doa jeusi linaanza kutanuka kwenye shati, chini ya mfuko, kubwa, kisha kubwa zaidi. Aliondoka nalo. Hakujua lipo, na sikumwambia.

Shoferi aliyecheka alikuwa bado amekaa, gazeti la ndagala pembeni yake, anamfuata mzee kwa macho. "Mama Robine," akaniuliza, "yule ni nani?"

"Robine ni yule," nikamwambia. "Mi naitwa Godeliva. Lete gari yako, uje ushike buloni."